Kiraka kwenye Sakafu Nyekundu

Naapa kwa macho yangu mawili, hata hili la kushoto linaloona kwa hiari yake, kwamba haya yote ni kweli tupu. Chumvi mtakayoionja humu niliikuta humohumo.

Tindo ilipogonga sakafu mara ya kwanza, shemeji yangu alisimamisha cherehani, akaketi mikono mapajani. Sakafu ile nyekundu aliijenga marehemu kaka yangu, mumewe, kwa mwiko na kwa magoti, mwaka wa mwisho aliokuwa na nguvu. Haikuwa na ufa hata mmoja.

"Una hakika, shemeji?" akaniuliza.

"Mashine haina undugu na mtu, shemeji."

Nyumba zetu zilishiriki ukuta, zikashiriki na bomba la chuma lililopita chini ya karakana yangu, kisha chini ya chumba chake cha kushonea. Mahali fulani lilikuwa linavuja, na kila baada ya muda lilikohoa: ko! Mafundi bomba walitaka kufumua sakafu zote mbili. Nikawaambia wakanywe chai kwanza. Mimi, niliyejifunza umeme kwa kupigwa na umeme, niliyewahi kutengeneza redio ikaendelea kuimba siku mbili baada ya kutolewa betri, ningelipata tundu lile kwa hesabu.

Nilikuwa na vibao viwili vya kielektroniki, kila kimoja na chipu ndogo kama ukucha wa mtoto mchanga, na ndani ya chipu saa inayohesabu sehemu za milioni za sekunde. Kimoja unakifunga mwanzo wa bomba, kingine mwisho. Bomba likikohoa, sauti hukimbia pande zote mbili, na kila saa huandika wakati ilipoipokea. Tofauti ya nyakati ndiyo inayokuonyesha tundu lilipo. Sharti ni moja: saa zote mbili zianze kuhesabu kwa pamoja. Mimi niliviunganisha vibao kwa waya mmoja, nikavianzisha kwa pigo moja la umeme, ndipo nikavitenganisha na kuvifunga.

Vikasema: chumbani kwa shemeji, hatua mbili kutoka mlangoni.

Tulichimba hadi bombani. Udongo ulikuwa mkavu kama unga.

Mafundi bomba walitazama viatu vyao. Shemeji hakupiga kelele. Alitoa futi zake mbili za kupimia nguo, akazilaza mezani ubavu kwa ubavu.

"Mteja akilalamika kiuno kinambana, mimi naanzia hapa. Naangalia kama zinakubaliana. Hivyo vidude vyako uliwahi kuviweka pamoja?"

Vilikuwa bado vinahesabu. Nikavifunga vyote viwili mahali pamoja, vikigusana. Akachukua kijiko, akaligonga bomba mara moja tu.

Tofauti ilipaswa kuwa sufuri. Ilikuwa elfu nane. Elfu nane za sehemu zile hazitoshi hata kupepesa jicho, lakini kwenye bomba lile zilitosha kulisogeza tundu mita tano, kulipenyeza ukutani, kulitoa kwangu na kuliingiza kwake.

Tulilikuta chini ya benchi langu la kazi, likikohoa.

Nilimsomea shemeji mpaka hapo leo asubuhi. Sasa anashona kwa miwani minene kama vitako vya chupa, lakini masikio yake hayajastaafu. Cherehani ikanyamaza.

"Waya gani huo, shemeji?"

"Si ule wa…"

"Nilikuwa mlangoni. Ulishika kibao huku na kibao huku, ukavibonyeza kwa vidole gumba, ukasema vidole vyako vimezaliwa siku moja."

Waya ulikuwepo. Ulikuwa kwenye droo ya tatu, chini ya vikorokoro, na mafundi bomba walikuwa wananitazama.

Tulikubaliana zamani: kila nikiusimulia mkasa huu na waya ndani yake, naisugua sakafu yote kwa nta nyekundu, kwa magoti. Kopo na kitambaa vimeshawekwa mlangoni; nadhani aliviweka nilipokuwa bado naapa.

Naanzia dirishani. Sakafu ya kaka inashika nta mara moja, inang'aa mpaka naiona sura yangu. Kiraka changu cha saruji, pale tulipochimba, nakiacha mwisho. Nakisugua mara mbili, mara tatu. Kinabaki kijivu.

Cherehani inaanza tena. Shemeji anainua miguu kidogo, nipite.