Kadi ya Njano ya Mzee Deokbae

Asubuhi ile Taeho aliamka na mambo mawili kichwani, na yote mawili yalikuwa mtu mmoja. Mzee Deokbae alikuwa amemwalika kunywa supu nyumbani kwake baada ya mechi. Na katika mechi hiyohiyo Mzee Deokbae alikuwa beki, na refa alikuwa Taeho.

Mzee Deokbae ni baba yake Mirang, na Mirang ndiye aliyekuwa akimkosesha Taeho usingizi tangu theluji ya mwaka juzi. Kila posa ilipopelekwa, mzee alikohoa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikohoa, akachukua mkasi wake, akaenda kupogoa mitufaha. Mpaka mitufaha ikabaki fito tupu, na jibu halijatoka.

"Baba hajawahi kumwita mtu kwenye supu tangu mgodi aliokuwa akifanyia kazi ufungwe," Mirang alimwambia kwenye simu. "Sasa wewe, nakuomba, leo usimuudhi hata kidogo."

"Lakini mimi ndiye refa, Mirang."

"Basi chezesha kwa adabu."

Taeho alikuwa fundi wa boila, mitambo ya maji moto yanayopita chini ya sakafu, na sakafu nyingi za mji wa Mungyeong zilipata joto kwa mikono yake. Urefa aliusomea vuli iliyopita, kwa sababu ligi ya wazee waliopita sitini ilikuwa imeishiwa marefa: wa mwisho alifukuzwa kwa kiatu mpaka kituo cha basi. Kwenye mafunzo mkufunzi aliwafundisha kuinua kadi juu, mkono umenyooka, kifua mbele, uso mkavu. Taeho alifanya mazoezi mbele ya kioo, akajiona kweli ni mwanaume. Kioo, bahati mbaya, kilikuwa rika lake.

Uwanja wa shule ulikuwa na baridi ya asubuhi. Kwa kuwa ni ufunguzi wa msimu, meza ya sadaka iliwekwa katikati, juu yake kichwa cha nguruwe kilichochemshwa, kinatabasamu kama kinajua matokeo. Wazee wa Mtaa wa Juu na wazee wa Mtaa wa Kinu walipiga magoti mbele yake, wakainama mpaka chini, wakaomba msimu usiokuwa na goti lililoteguka. Mzee Deokbae aliinama kuliko wote. Kisha pombe ya mchele ikamwagwa kwenye mstari wa uwanja, kidogo ikamwagwa kooni, meza ikasogezwa pembeni, na filimbi ikalia.

Kipindi cha kwanza kilipita salama, maana mtu wa miaka sitini na kitu aliyekunywa pombe ya mchele hana nguvu ya kufanya makosa. Tabu ilianza cha pili. Kinu walipewa mpira wa adhabu, nao walikuwa na haraka. Mzee Deokbae, ambaye timu yake ya Mtaa wa Juu iliridhika na sare, aliuchukua mpira, akauweka chini vizuri, kisha akaukalia. Akaanza kufungua kamba ya kiatu.

"Refa!" Alikuwa Pangil, nahodha wa Kinu, dereva wa basi mstaafu, sauti yake bado ya kuwaambia abiria wasogee nyuma. "Refa, yule babu anaatamia!"

"Nafunga kamba," alisema Mzee Deokbae.

"Unafungua!"

"Utafungaje bila kufungua? Na unamwita nani babu? Umezaliwa mwaka gani wewe?"

"Mwaka wa Mbwa!"

"Mimi wa Jogoo. Nimekutangulia. Nisemeshe vizuri."

Hapo Pangil alinywea, maana kwa hesabu ya miaka ya wanyama Jogoo humtangulia Mbwa, na mwaka ni mwaka, akabaki kumtolea Taeho macho. Taeho akaja mbio. Sheria ilikuwa wazi: anayechelewesha mpira usianze anaonywa kwa kadi ya njano. Akatia mkono mfukoni. Kichwani aliona kile kioo: mkono juu, kifua mbele. Lakini mbele yake hakikuwepo kioo, alikuwepo baba yake Mirang, amekaa juu ya mpira, anamtazama kwa macho ya mtu anayekagua tufaha kama lina funza.

Mwili wa Taeho ukafanya wenyewe kazi uliyolelewa nayo. Mgongo ukainama. Mkono wa kushoto ukaja kuusaidia wa kulia. Kadi ya njano ikatoka kwa mikono miwili, kwa heshima zote, ikafikishwa chini ya kidevu cha mzee.

Na mwili wa Mzee Deokbae nao ulikuwa umelelewa. Mtu akikuletea kitu kwa mikono miwili huku ameinama, unafanyaje? Mzee aliinuka kwenye mpira, akainamisha kichwa, akaipokea kwa mikono miwili. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akaitia kwenye soksi yake, juu ya ugoko.

"Asante," alisema, akaenda zake kwenye nafasi yake.

Uwanja mzima ukatazamana. Hata kichwa cha nguruwe kilionekana kushangaa.

Taeho alibaki na mikono mitupu mbele ya tumbo, kama mtu aliyeangusha trei. Amfuate akamnyang'anye? Mzee anyang'anywe na kijana wa boila? Aseme "samahani mzee, ile ni ya kutazama tu"? Mkufunzi hakuwahi kulisema hilo. Na je, amecheka au amekasirika? Uso wa Mzee Deokbae ulikuwa kama ukuta wa nyuma wa nyumba, hauna dirisha. Taeho akapuliza filimbi, mechi ikaendelea, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya na mdomo wake.

Pembeni, kwenye masufuria ambako kina mama walipika, Mirang alikuwa amejifunika uso kwa mwiko.

Mechi ilipokaribia kwisha, Pangil alipata mpira katikati ya uwanja, njia nyeupe mbele yake, akaondoka kama basi lililochelewa. Mzee Deokbae hakuwa na mbio za kumfikia. Alikuwa na mkono, lakini. Akaushika ule mpira wa kiunoni wa kaptula ya Pangil, akauvuta ukanyooka. Pangil alikimbia hatua kadhaa pale pale alipo, kisha kaptula ikashuka mpaka magotini, na watu wote wa Mungyeong waliokuwepo wakajua kwamba mke wa Pangil anamvalisha chupi ya sufu yenye maua.

Filimbi. Vicheko vilichukua muda kuisha.

"Njano!" alilia Pangil, huku akiivuta kaptula juu. "Njano ya pili hiyo! Ale umeme, atoke nje!"

"Ya pili kutoka wapi?" wakasema wa Mtaa wa Juu. "Ile ya kwanza hakuonyeshwa. Alipelekewa tu."

"Kadi ni kadi!"

"Kadi inainuliwa juu, bwana, watu wote waione. Ile nani aliiona? Mimi niliona mgongo wa refa."

"Mimi niliona zawadi," alisema kipa.

Taeho alitia mkono mfukoni, akakuta nyekundu peke yake. Kwa sheria, njano ya pili huonyeshwa kwanza, ndipo nyekundu ifuate. Njano iko kwenye soksi ya mtuhumiwa. Akimtoa mzee, supu ndiyo imekwisha, na Mirang naye. Na hapa mlango umefunguliwa: aseme tu kwamba ile ya kwanza haikuhesabika. Wenyewe wanamwambia! Akamtupia jicho Mirang. Mirang alitikisa kichwa, lakini Taeho hakuelewa kama anakataa kadi au anakataa ujinga wake.

Akaona amuulize mwenyewe. Pengine mzee angemwokoa.

"Mzee wangu," alisema polepole, "hivi... kwa kumbukumbu yako... wewe leo umeshapata kadi?"

Mtaa wa Juu wote wakamkonyeza Mzee Deokbae. Kipa alikohoa mpaka akapaliwa.

Mzee aliinama, akapigapiga ugoko wake.

"Nimepata," alisema. "Hii hapa."

Mtu akishakukubalia mbele ya kadamnasi, utamfanyaje? Taeho akamsogelea.

"Basi naomba uniazime, mzee."

"Ulinipa wewe."

"Ndiyo. Ninaihitaji kidogo."

"Utarudisha?"

"Sijui, mzee," alisema Taeho, na kwa kweli siku ile hakusema neno la kweli kuliko hilo.

Mzee akaitoa, imelowa jasho kidogo, akampa. Taeho akaipokea kwa mikono miwili, angeipokeaje tena? Akaigeuza, akainama, akamwonyesha kwa mikono miwili. Mzee akainama, akaipokea, akairudisha kwenye soksi.

"Wanauziana!" alipiga kelele Pangil. "Jamani, wale wanauziana!"

Ikabaki nyekundu. Taeho aliitoa, mgongo ukaanza kuinama wenyewe, akauzuia. Hii ikiingia kwenye soksi, alijua, hatakuwa refa tena wala fundi wa boila, atakuwa hadithi ya watu kwenye bafu la mtaa. Akafumba macho. Akainua mkono mmoja. Mmoja tu, juu kabisa, mbele ya mtu aliyemzidi umri kwa kizazi kizima.

Mama mmoja kwenye masufuria akasema, "Ee!"

Alipofumbua macho, Mzee Deokbae alikuwa amemnyooshea mikono miwili, anangoja.

"Hii hapana, mzee," Taeho alisema. "Hii nabaki nayo."

Mzee aliitazama kadi, akamtazama yeye, akakohoa. Kikohozi kilekile. Kisha akatoka uwanjani taratibu, akapita mezani, akamega sikio la nguruwe, akaenda nyumbani. Kinu wakafunga kwa mpira ule wa adhabu. Bao moja bila.

Taeho alisimama mbele ya lango la Mzee Deokbae muda mrefu, na mfuko wa peasi mkononi. Mwaliko bado upo au nao ulitolewa nje? Akiingia ni utovu wa adabu. Asipoingia ni utovu mwingine. Mama Mirang ndiye aliyefungua, akamwambia avue viatu, supu inapoa.

Walikula wanne. Supu ya mifupa, wali, na figili iliyochachuka. Mzee alikuwa anatafuna figili kwa sauti ya mtu anayepasua kuni. Mirang alimkanyaga Taeho chini ya meza. Taeho akafikiri anamwambia anyamaze, akanyamaza. Akamkanyaga tena, kwa kisigino.

"Mzee," alisema Taeho, na kijiko kikamwangukia kwenye bakuli. "Nimekuja... nilikuwa nimekuja... namwomba Mirang."

Figili ikanyamaza. Mzee Deokbae akafuta mdomo, akatia mkono kwenye mfuko wa shati. Akatoa ile kadi ya njano. Akaiinua juu, kwa mkono mmoja, kifua mbele, uso mkavu, kama aliyesomea.

"Baba!" alisema Mirang.

"Sasa hiyo ni ndiyo au hapana?" aliuliza Mama Mirang. "Sema kama mtu!"

"Muulize mwenye filimbi. Aliyeonyeshwa hii, anatoka nje?"

Taeho alimtazama mama, akamtazama Mirang, akaitazama kadi. Ilikuwa bado na mkunjo wa soksi.

"Hapana, mzee. Anaendelea kucheza."

"Basi, kula."

Taeho, kwa mazoea ya mwili wake, akainuka nusu, akainama, akanyoosha mikono miwili aipokee. Mzee akaivuta nyuma.

"Hii nabaki nayo. Siku utakayomliza binti yangu utaiona tena. Nyekundu unayo wewe. Siku hiyo utaniazima."

Akampakulia supu nyingine, mpaka juu.

Taeho alikunywa, ikamuunguza ulimi, hakusikia. Baadaye, Mirang alipomsindikiza langoni, alimnong'oneza: "Hivi Mirang, mimi nimekubaliwa?"

"Amekupakulia mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Basi rudi ndani ukamuulize," alisema Mirang, akaingia anacheka, akamwachia lango wazi.

Jumapili iliyofuata Taeho alichezesha akiwa na kipande cha boksi la sabuni badala ya kadi, upande wa njano. Pangil alipolimwa nacho, alikinusa kwanza, kisha akanyoosha mikono miwili.