Sauti Isiyokuwamo kwenye Simu

Mahfudha alirudi kutoka kuswali Magharibi akakuta mtu ameshazigusa nyuzi za santur yake, kile chombo cha nyuzi nyingi kipigwacho kwa vinyundo.

"Nimekusaidia, dada," alisema Levi, Mkenya aliyekuwa fundi wa sauti pale ukumbini Bustan. Alimwonyesha kipima sauti kwenye simu yake kwa furaha. "Nyuzi kadhaa zilikuwa zimelegea. Nimezikaza moja moja mpaka simu ikawasha taa ya kijani. Mimi hupiga gitaa kanisani, hiyo kazi naijua."

Mahfudha alichukua vinyundo vyake viwili vyembamba akagonga uzi mmoja. Sauti aliyoitega ilikuwa imepotea.

Nyuzi zile hazikuwa zimelegea. Usiku huo alikuwa apige Segah, maqamu, yaani ngazi ya sauti ya Kiajemi, ambayo nyumba yake nzima imejengwa juu ya sauti ya kati, sauti isiyokuwamo kwenye kinanda wala kwenye simu ya Levi. Wanazuoni wa Kiajemi waliipima kwa uzi na rula karne nyingi kabla ya umeme. Yeye hakuipata vitabuni. Aliipata kwa Bibi Golnar, jirani yao wa mtaa wa Hail, mzaliwa wa Isfahan aliyeolewa na mtu wa Unguja. Bibi hakufundisha kwa maandishi. Alizima kiyoyozi, hata Julai, kwa sababu mngurumo wake uliingia baina ya sikio na uzi. Kisha aliivumisha sauti ile kooni, na Mahfudha akaitafuta mpaka ikakaa. Hivyo ndivyo Bibi mwenyewe alivyoipata kwa baba yake, aliyekuwa akiimba jioni chini ya matao ya daraja la kwao.

Sasa vidole vya Bibi vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi. Segah ya baba yake ilikuwa imebaki katika mikono ya Mahfudha tu, na Bibi alikuwa ameketi safu ya mbele, amekuja kuisikiliza.

"Wallahi Levi kaniokoa!" alisema Wael, mwandaaji wa hafla ile ya muziki, aliposikia habari. "Tangu jana nnakwambia chombo chako kinagombana na kinanda. Sasa vimepatana. Zamu yako hii, panda."

"Hii si Segah tena, kaka Wael."

"Na nani atajua? Watu wamekuja kula halwa na kupiga picha."

"Bibi atajua."

"Bibi mmoja!" Wael alicheka, kisha akalegeza sauti. "We mtu wa haya, Mahfudha, hupendi maneno. Panda, piga, teremka. Khalas."

Maneno ya kweli. Mahfudha ni mtu ambaye teksi ikipita nyumba yao hunyamaza, akashuka mbele na kurudi kwa miguu. Chuoni alikubali kukosa alama kuliko kusimama mbele ya darasa. Alichukua vinyundo na ufunguo wa kukazia nyuzi, akabeba santur yake, akapanda jukwaani.

Aliketi mbele ya watu wote akaanza kulegeza.

Kwanza walidhani ndio muziki wenyewe. Kisha simu zilizoinuliwa zikashuka moja moja. Mtu akakohoa. "Tumeletewa fundi," mzee mmoja alinong'ona kwa sauti ya kusikika, "mpigaji yuko njiani." Watu wakacheka. Mamake, safu ya pili, alijifunika uso kwa ncha ya shela.

Alilegeza, akagonga, akasikiliza. Sauti ilikaribia, ikamponyoka. Alimtazama Bibi Golnar, akitumaini ataivumisha. Bibi alikaza midomo, mikono mapajani, kama mtu asiyemjua.

Ndipo Mahfudha aliposikia kinachomchafulia. Aliinamia kipaza sauti.

"Naomba kiyoyozi kizimwe."

"Juni hii?" mwanamke mmoja alimaka. "Atatuua huyu!"

Pembeni ya pazia, Wael alikuwa akitikisa kichwa na mikono yote miwili. Levi alimtazama Wael, akamtazama Mahfudha, akatazama simu yake. Akaenda ukutani akazima.

Mngurumo ulikatika. Joto likaanza kuingia. Wael alitoka haraka, tabasamu limemkauka usoni, akashika kipaza sauti cha pili. "Tunamshukuru sana dada yetu Mahfudha kwa—"

"Bado sijaanza," alisema Mahfudha.

Hakupaza sauti. Lakini kipaza kilikuwa wazi, na ukumbi mzima ukasikia. Yule mzee aliyemdhihaki mwanzo alicheka, safari hii akimtazama Wael. Wael akageuka, akarudi alikotoka.

Mahfudha hakufanya haraka. Alirudi kwenye uzi, akaulegeza kwa unywele tu, na sauti ikakaa pale inapokaa kule Hail kwa Bibi, isiyo juu wala chini, yenye nyumba yake. Akaziweka na nyuzi nyingine za sauti hiyo. Mpiga kinanda aliyekuwa amsindikize alinyanyua mikono akaipakata, akamwachia peke yake. Kisha Mahfudha akaweka ufunguo chini, akashika vinyundo, akaifungua Segah kama alivyofundishwa, polepole, jasho likimtiririka shingoni.

Safu ya mbele, bwana mmoja mnene alikuwa akijipepea kwa karatasi ya ratiba.

"Acha hiyo," Bibi Golnar alimwambia bila kugeuka. "Unanipigia kelele."

Bwana yule akaiweka ratiba mapajani, akatulia na joto lake.