Huenda Haina Namba

Kikohozi cha binti yake kilibadilika asubuhi ile. Jana kilikuwa kikitoka; leo kilikwama njiani, na kila kilipokwama, bibi naye alijikuta amebana pumzi pembeni mwa kitanda. Alimfuta midomo. Kitambaa kikabaki na rangi ya kutu.

"Nesi, hii sindano ya tangu juzi haimsaidii mwanangu."

"Najua, bibi. Daktari ameshaandika nyingine, ile kali. Hiyo hapo." Nesi alionyesha kwa kidevu kabati la kioo. Vichupa vilikuwa vimejipanga ndani, vifuniko vyekundu, hata hatua nne hazifiki. "Lakini silifungui bila idhini ya bima. Peleka fomu kumbukumbu, kwa Bwana Namba."

Zamani walisema mgonjwa haulizwi uji. Hapa mgonjwa aliulizwa namba.

Chumba cha kumbukumbu kilikuwa mwisho wa korido, na kidirisha chake kilikuwa chini kiasi kwamba mwenye shida sharti ainame. Ndani, kati ya mafaili yaliyofika darini, alikaa karani ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza maradhi ya watu kuwa namba, maana bima haisomi maradhi. Kuvunjika mkono kuna namba. Kuumwa na mbwa kuna namba. Bwana Namba alizijua kwa kichwa kama wengine wanavyojua majina ya wajomba zao.

Alisoma fomu akaguna. "'Huenda ni nimonia ya bakteria.' Lo! Huyu daktari na huenda zake."

"Kuna kosa gani, mwanangu?"

"Nimonia ina namba. Nimonia ya bakteria ina namba. Huenda haina namba, bibi."

"Si uiruke tu?"

"Nikiiruka, naruka na kazi yangu. Mimi naingiza alichoandika daktari. Nikiweka nimonia tupu, bima watatoa hiyo hiyo sindano anayochomwa. Ile kali mpaka ithibitike ni bakteria. Daktari akate neno, atie sahihi. Neno moja tu."

"Na daktari mwenyewe?"

"Yuko hospitali ya pili. Anarudi kesho kutwa."

Bibi alimvizia daktari wa zamu mlangoni mwa wodi, msichana mwenye macho ya kukosa usingizi. Daktari alisoma fomu, akaikunja, akaikunjua.

"Makohozi yake yameoteshwa maabara, mama. Majibu ni siku tatu. Nikiandika ni bakteria kabla ya majibu, bima watasema nimeghushi. Mwenzangu amesimamishwa kwa neno kama hilo."

"Usiandike basi. Niambie tu. Wewe unaonaje?"

Daktari alitazama nyuma yake, kisha kitandani. "Ni bakteria, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini hayo ni ya mdomoni."

Binti yake alifumbua macho aliposikia ndala za mama yake. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi mkubwa, na kadi ya bima ilitoka huko; alijulikana kwa domo kuliko kwa pasi.

"Umepata, mama?"

"Bado neno moja."

"Neno?" Alijaribu kucheka, kikohozi kikamkata. "Nyumba yetu... leo ndiyo imeishiwa maneno?"

Bibi alitoka akakaa kwenye benchi la korido. Alisoma miaka minne tu, lakini alisoma. Mwalimu wa darasa la tatu aliwafunza: kosa halifutwi kwa mate, linakatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Aliomba kalamu kwa mfagiaji. Akaiweka kadi ya bima chini ya neno 'huenda' kama rula, akaipandisha kidogo, akapiga mstari taratibu, ulimi nje, kama alivyofanya akiwa na miaka tisa. Ukanyooka. Mwalimu angempa vema.

Bwana Namba alianza kubonyeza mashine yake, akaacha. Akainua fomu kwenye mwanga wa dirisha.

"Bibi. Daktari gani anakata neno kwa rula?"

Bibi aliifunika kadi ya bima kwa kiganja.

"Tena wino wa bluu. Yeye anaandika kwa mweusi. Sahihi iko wapi?"

"Mwanangu, si ulisema neno moja tu?"

"Nilisema daktari." Hakuwa na hasira. Alichukua mhuri, akaupulizia, akaugonga: IMEBATILISHWA. "Fomu ikichezewa, kadi inafungwa mpaka uchunguzi uishe. Si mimi, bibi. Ni utaratibu."

"Na ile sindano ya kila siku?"

"Hata hiyo."

Bibi alishika ukingo wa kidirisha kwa mikono miwili. "Mimi ndiye niliyekosa. Nifungie mimi. Yeye hata hajashika kalamu."

"Wa nyuma, karibu," alisema Bwana Namba.

Siku ya tatu, kabla ya saa nne asubuhi, kikohozi kilinyamaza. Saa sita maabara ikaleta majibu. Daktari aliyerudi kutoka hospitali ya pili aliandika karatasi nyingine kwa wino wake mweusi, asimtazame mtu, na bibi akainama tena kwenye kidirisha kile kile.

Alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, midomo ikitikisika. *Chanzo cha kifo: nimonia ya bakteria.* Akarudia toka mwanzo. Akageuza nyuma ya karatasi.

"Unatafuta nini, bibi?"

"Ile huenda."

Bwana Namba alivuta karatasi, akaandika namba pembeni bila kufungua kitabu. Kisha akaisukuma nje, na kalamu juu yake.

"Tia sahihi hapo chini," alisema. "Usikate kitu."