Feni za Ofisi ya Mipaka

Zuena alifungua kasha la kompyuta siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, akakuta feni nne, na zote nne zimefungwa kuvuta hewa kuingia ndani. Hakukuwa na hata moja ya kuitoa. Aliyezifunga hakutazama vishale vidogo vilivyo ubavuni mwa kila feni, vinavyoonyesha upepo unaelekea wapi. Hewa iliingia kwa nguvu, ikakosa njia, ikazunguka humo humo pamoja na vumbi jekundu la Muyinga mpaka mashine ikachemka na kujizima. Ilikuwa ikijizima mara sita kwa siku.

Zuena alikuwa fundi wa Gitega, mtaa wa Shatanya. Baba yake, mzee Chabani, alikuwa fundi cherehani, na yeye alianza kwa kutengeneza cherehani za baba yake, kisha redio za majirani, kisha kompyuta. Alikuwa na miaka arobaini na moja na alisifika kwa masikio yake. Angeweza kuisikiliza feni ikizunguka, akakwambia beringi yake imebakiza miezi mingapi. Ndiyo maana Ofisi ya Upatanisho wa Mipaka ilimwita kutoka mbali, akaja kwa njia ya Karuzi na mfuko wa feni zilizofungwa kwenye kitenge, kila moja na kipande chake ili zisigongane.

Ofisi hiyo ilikuwa na kompyuta moja tu ya maana, na ndani yake mlikuwa na ushahidi wa familia zote zilizorudi kutoka Tanzania kudai mashamba yao. Ilikaa sakafuni kando ya meza ya shefu Kastori, na Kastori alikuwa amechoka nayo.

"Inalia kama mashine ya kumenya kahawa," alisema. "Mi siwezi hata kuongea na simu. Nataka iko baridi na iko kimya. Yote mbili. Inawezekana?"

"Inawezekana, shefu. Kelele haitoki kwa upepo, inatoka kwa haraka. Feni ndogo lazima ikimbie. Feni kubwa inatembea tu, na upepo ni ule ule."

Kastori akamwambia afanye, halafu akae na mashine mpaka Alhamisi aone kama itajizima tena. Yeye mwenyewe alikuwa na mkutano Bujumbura, akaondoka.

Zuena alizitoa feni zote nne. Mbele, chini, akafunga mbili kubwa za kuvuta hewa baridi. Nyuma akafunga moja ya kutoa, na juu, karibu na nyuma, nyingine ya kutoa, kwa kuwa hewa ya moto hupanda na haina haja ya kulazimishwa. Hakutumia skrubu. Alizishikiza kwa vipande vya mpira ili mtetemo usipite kwenye bati. Nyaya alizikusanya na kuzifunga pembeni. Kisha akawasha kijiti cha udi akakiweka mbele ya kasha. Moshi uliingia chini, ukapita juu ya prosesa, ukatokea nyuma ukiwa umenyooka kama uzi. Baada ya nusu saa joto lilishuka hadi nyuzi hamsini na mbili. Chumba kikawa kimya.

Katika ule ukimya mwanamume akaanza kusema.

"Kutoka kijitoni," alisema, "kufuata ua wa minyaa, hadi jiwe jeupe. Kutoka jiwe jeupe, kupanda, hadi kaburi la babu yangu. Kutoka kaburini, kushuka kwa mkono wa kushoto, hadi kijitoni tena."

Zuena aliinamisha sikio. Alifikiri ni beringi, kwa sababu beringi kavu huweza kutoa sauti za kila aina. Akaisimamisha kwa kidole feni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sauti haikukatika. Aliposimamisha ile ya nyuma, ikafifia. Alipoiachia, ikarudi pamoja na hewa ya moto.

"Hii haiko beringi," akasema.

"Siyo," alijibu Josephat, karani aliyeketi karibu na mlango. "Huyo ni marehemu Bonifasi wa Butihinda. Alifariki, huu ni mwaka wa tatu." Akapiga muhuri kwenye karatasi iliyokuwa mbele yake. "Nadhani walikuwemo siku zote. Tulikuwa hatuwasikii kwa kelele."

Hadi adhuhuri walikuwa wamesema watu kumi na tisa, wanaume kumi na wawili na wanawake saba. Hawakuingiliana. Kila mmoja alisubiri mwenzake amalize, kama walivyosubiri walipokuwa hai, kwenye benchi la nje, siku walizokuja kuandikisha. Kila mmoja alitaja mipaka ya shamba lake, na wa kumi na tisa alipomaliza, Bonifasi alianza upya.

Zuena alifungua chakula chake akala huku akisikiliza.

"Watu wengi waliandikisha hapa, kisha wakakufa," alisema. "Mbona hawa tu?"

Josephat alikuwa mtu mwembamba, aliyekulia kambi ya wakimbizi upande wa Kasulu, na Kiswahili chake kilikuwa cha shule ya kule. Aliweka muhuri chini.

"Hawa ndio tuliowaandika upya," alisema.

"Nani aliwaandika?"

"Mimi. Shefu alileta majina, nikafungua mafaili, nikafuta jina la mwenye shamba, nikaweka jingine. Faili la Bonifasi niliweka Urbano, shemeji yake shefu. Yule mwenye malori ya kahawa."

"Walikulipa?"

"Hapana. Shamba la baba yangu halikuguswa."

Zuena alifunga chombo chake cha chakula. Bonifasi alikuwa amefika kwenye jiwe jeupe.

Jioni Josephat alimpigia simu Kasilda, mjane wa Bonifasi. Hakumweleza Zuena kwa nini, naye Zuena hakuuliza. Kasilda alifika asubuhi ya Jumanne kwa pikipiki kutoka Butihinda, amevaa kitenge cha kanisani, na mkononi ana bahasha ya nailoni yenye risiti ya faili la mumewe. Shamba lilikuwa na kesi Alhamisi hiyo. Akishindwa, angekuwa na wiki mbili za kutoka.

Zuena alimvutia kiti nyuma ya kasha. Kasilda akangoja watu watatu waseme, akiwaitikia kwa kichwa, kwa kuwa wawili alikuwa akiwafahamu. Kisha zamu ya mumewe ikafika.

"Kutoka kijitoni, kufuata ua wa minyaa..."

"Baba Emmanuel," alisema Kasilda. "Ni mimi."

"...hadi jiwe jeupe."

"Emmanuel ameoa. Ameoa kwa kina Jeska. Mahari tulitoa ng'ombe mmoja, wakakubali."

"Kutoka jiwe jeupe, kupanda, hadi kaburi la babu yangu."

Kasilda akamgeukia Josephat. "Hanisikii?"

"Mama, ana maneno yale tu aliyoandikisha. Mengine hatukuyaandika."

"Alikuwa mtu wa maneno mengi," alisema Kasilda. Akabaki pale. Alimsikiliza mumewe akizunguka shamba mara saba, kisha akauliza kama mashine inaweza kuletwa kwenye kesi. Zuena alisema inaweza, ilimradi mgongo wake usiegemezwe ukutani, kwa sababu hewa inahitaji upana wa kiganja ili itoke vizuri.

Alhamisi walimweka Bonifasi juu ya meza, mgongo wa kasha ukiwatazama wasikilizaji wa kesi. Walikuwa watatu, na Kastori katikati. Urbano alikaa upande wa dirisha, mtu mnene, mpole, ambaye kofia yake ilikuwa magotini. Kasilda alikaa upande wa pili na mwanawe. Josephat alikuwa na daftari. Watu wengine walikuwa wamekuja na kesi zao, wakasimama mlangoni kwa adabu.

Bonifasi alitaja mipaka yake yote bila kukosea. Wote walimsikia.

"Bwana Urbano," alisema Kastori, "unamjua huyu anayeongea?"

"Ni Bonifasi," alisema Urbano. "Sauti yake ile ile. Mi sisemi haiko yeye. Mi nauliza tu, karatasi inasema nini?"

Karatasi ilisema Urbano.

Msikilizaji wa kushoto, aliyekuwa mtu wa taratibu, aliuliza kama shahidi ana kitambulisho. Kasilda akasema alizikwa nacho mfukoni. Akauliza kama shahidi anaweza kutia saini. Walingoja kidogo. Bonifasi akasema kutoka kaburini, kushuka kwa mkono wa kushoto, hadi kijitoni tena.

"Bon," alisema Kastori. "Andika: shahidi alisikika, hakusaini." Kisha akamgeukia Zuena, aliyesimama kando ya soketi ya umeme. "Fundi, mashine iko sawa? Haina shida?"

Zuena alitazama taa ya kijani mbele ya kasha. Alijua alichoulizwa, na alijua kuna jingine ambalo hakuulizwa.

"Iko sawa, shefu," alisema. "Nyuzi hamsini na moja."

"Na wewe, karani. Ni wewe uliandika karatasi hii. Ni halali?"

Josephat aliweka kalamu chini. Kasilda alikuwa akimtazama, si kwa hasira bali kama mtu anayemngojea mwenzake avuke mto. Josephat ndiye aliyempigia simu. Mama huyo alikuwa amekuja kwa sababu yake. Josephat akaiokota kalamu.

"Ni halali," alisema.

Emmanuel alisimama. Mama yake akamshika shati, akakaa. Uamuzi ulisomwa kwa dakika nne. Walimshukuru marehemu kwa kufika.

Mchana Kastori alimwita Zuena. Alikuwa amemwagiza Josephat afute mafaili ya zamani yote, na Josephat alikuwa ameyafuta mbele yake, lakini wale kumi na tisa walikuwa bado wanaendelea. Wakati huo alikuwa akisema bibi mmoja, akihesabu migomba.

"Rudisha kelele," alisema Kastori.

"Shefu, ulisema inyamaze."

"Nilisema mashine inyamaze. Hawa si mashine. Mi iko na kazi hapa, napokea watu. Joto libaki hivi hivi, lakini kelele irudi."

Zuena alikwenda kwenye mfuko wake. Chini kabisa kulikuwa na feni mbovu, zile alizotoa Jumatatu na nyingine za siku za nyuma alizokuwa hajazitupa. Alizijaribu moja moja kwa betri, akiziweka sikioni. Ya kwanza ilivuma, lakini mvumo wake ulikuwa mzito na sauti za wanawake zingepita juu yake. Ya pili ilipiga kelele kwa kukatakata, na katikati ya mikato neno lingeweza kupenya. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya milimita themanini, beringi imekauka kabisa, ikikimbia bila kupumzika. Ililia kwa sauti moja iliyojaa kuanzia chini hadi juu. Aliipenda kwa namna fundi anavyopenda kifaa kilichofaa kazi, kisha akaiondoa sikioni haraka.

Alipoanza kuifunga, kwa skrubu za chuma ili bati lote litetemeke, Kasilda alikuja akasimama dirishani, upande wa nje. Bahasha yake ya nailoni ilikuwa bado mkononi.

"Dada," alisema, "ukimaliza hapo, yeye atanyamaza?"

"Hapana, mama. Ataendelea kusema. Hatasikika tu."

Kasilda aliikunja bahasha.

"Kwa hiyo yeye hatajua."

"Hatajua," alisema Zuena.

"Basi funga."

Zuena akakaza skrubu ya nne, akaiwasha. Feni ikalia. Kwa muda mfupi midomo ya watu waliokuwa chumbani ilionekana ikisema bila kusikika, kisha wakazoea na kuanza kupaza sauti. Joto lilikuwa nyuzi hamsini na mbili. Kastori alishika simu akatoka nayo nje.

Mvua za Septemba zilipoanza, Urbano alikata minyaa, akaling'oa jiwe jeupe kwa nyundo na mtaimbo, akapanda kahawa mpaka juu ya kaburi. Emmanuel alimchukua mama yake na mkewe wakahamia Gishubi, kwa wajomba wa mke, ambako walipewa sehemu ya kulima maharage, si ya kumiliki. Josephat bado anapiga muhuri pale pale. Kila mwisho wa mwezi hufuta vumbi la kasha kwa brashi ya rangi, polepole, na baadhi ya watu wanasema hukaa nyuma yake muda mrefu kuliko kazi inavyohitaji.

Zuena alirudi Gitega. Katika mwezi wa kwanza baada ya kurudi alipigiwa simu mbili, na kabla ya mwaka kuisha akawa anapigiwa kila wiki. Walikuwa watu wa biro mbalimbali za serikali ambao hawakuzitaja, na wote walianza kwa kusema kwamba wamenunua mashine mpya, nzuri, isiyo na kelele. Zamani feni mbovu alizitupa. Sasa anazinunua kwa wenzake, anaziosha, anazipanga rafuni kufuatana na sauti zake, na feni za rafu hiyo ndizo zinazoisha kwanza.

Wiki iliyopita alipiga mtu wa upande wa Buraza.

"Ni wangapi?" Zuena alimwuliza, kalamu mkononi.

"Thelathini na wawili."

"Wanaume, wanawake?"

"Wamechanganyika. Na mtoto mmoja. Aliletwa kutaja mipaka ya baba yake, hakukuwa na mkubwa mwingine kwao."

"Anasema kwa nguvu?"

"Si kwa nguvu. Lakini ukiweka feni yoyote, yeye anasikika."

"Ego, sawa," alisema Zuena. "Sauti ya mtoto ni nyembamba, inapita katikati. We lete kasha. Mtoto nitamwekea ya kwake peke yake."

Akakata simu, akaenda rafuni, akaanza kuzisikiliza.