Nukta Tatu za Mama

Jicho alipangusa kioo cha kompyuta kwa upindo wa gauni, akamwomba Miwani wa meza ya pili azime feni, maana ilikuwa inapeperusha ramani. Picha ya setilaiti ya saa nne ilikuwa inaingia.

Jicho ndiye mwanamke wa kwanza kuajiriwa katika ofisi ile ya ramani kusoma picha za kutoka juu. Siku ya kwanza walimwonyesha jiko la chai. Siku ya pili akawaonyesha mto waliousahau kwenye ramani.

Enzi hizo alimwambia mama yake, kule bondeni, "Mama, saa nne huwa napita juu yenu." Basi mama akawa anavaa gauni la maua, anasimama uani, anapunga mkono. Jicho hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba nukta moja ya picha ile ni kubwa kama uwanja wa mpira. Mtu haonekani hata apige sarakasi.

Kisha ukaja mpango wa bwawa kule bondeni. Jicho alichora makazi yote ya bonde. Lakini picha ilikuwa na kiwingu pembeni, na ofisini penye wingu hutiwa kiraka: unakata kipande cha picha ya zamani, unabandika. Mkuu wa ofisi alitia kiraka bonde zima, cha miaka ambayo hakuna aliyekuwa amejenga. Ramani ikasema pori, na pori halipewi notisi ya kuhama. Maji yakajazwa. Mama alikuwa uani, anangoja binti yake apite.

Tangu hapo mama akaanza kuonekana kwenye picha.

"Leo nukta tatu," Miwani alisema.

"Mara ya mwisho zilikuwa mbili."

"Kanenepa. Huko chini wanakula."

Kwenye picha zile maji huwa meusi, chenye uhai huwa chekundu. Katikati ya bwawa jeusi, mama alikuwa mwekundu kama pilipili, mkono juu.

Mkuu alipita na kikombe chake. "Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Msalimie. Halafu mtie kiraka."

"Mkuu, basi ramani iseme tu kwamba palikuwa na watu."

"Dada yangu, ramani imeshagongwa muhuri. Tukimwandika mama yako, na wenzake watataka."

Jicho akakata kiraka. Alikikata mwenyewe kila mara, miaka yote, kwa sababu hakutaka mkono wa mtu baki umfunike mama yake. Akimaliza alikuwa anakwenda jikoni, anafungulia bomba, anasimama pale mpaka mtu aje kuomba sukari.

Alipostaafu walimsifu sana, wakampa ramani ya bwawa kwenye fremu. Aliigeuzia ukutani.

Setilaiti ilipopita tena, Jicho alikuwa ukingoni mwa bwawa, kavaa gauni la maua, anapunga mkono. Baadaye simu ikalia. Alikuwa Miwani.

"Dada, leo mko wawili. Wewe nukta moja, ukingoni. Mama kageukia kwako."

"Mkuu anasemaje?"

"Anawasalimu."

Jicho alitazama bwawani. Maji yalikuwa yametulia tuli.

"Nani anakata kiraka?"

"Mimi, dada. Nifanyeje?"

"Anza na mimi," Jicho alisema. "Mama mfunike mwisho. Polepole."

Akaiweka simu kwenye pochi, akaendelea kupunga.