Kikohozi cha Fundi

Mfuniko wa sufuria ulianza kugongagonga kabla hakujapambazuka. Bibi akapunguza moto, akamimina uji kwenye chupa ya chai, akaenda hospitali kwa mumewe, fundi seremala, aliyekatwa juzi kipande cha pafu chenye uvimbe.

Njiani roho haikutulia. Daktari alisema wazi: mgonjwa asipokohoa, makohozi yatatuama kifuani na pafu litashikwa na ugonjwa mwingine. Na fundi hataki kukohoa.

"Babu, kohoa," alisema, Bibi alipofika wodini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti aliyesugua viganja kwanza vipate joto ndipo amguse. Bibi aliliona hilo, akamwombea heri kimoyomoyo.

Fundi akatoa "kh", kama paka mwenye adabu.

"Babu jamani! Mishipa ya fahamu ya hapa mbavuni iligandishwa kwa baridi kali wakati wa upasuaji. Imelala, haipeleki maumivu. Itaamka polepole baada ya miezi kadhaa, kidonda kikiwa kimeshapona."

"Mwanangu, mbavu ni zangu."

Aliwahi kuanguka kutoka paani akavunjika ubavu, na kikohozi cha wakati ule hakukisahau. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Nani humchekesha?" binti akamnong'oneza Bibi.

Bibi akainamisha macho. Alikuwapo mdogo wake wa kiume, aliyebandikwa jina Redio kwa kuwa hazimiki. Bibi mwenyewe ndiye aliyemkataza kufika wodini, asije akamchekesha mgonjwa nyuzi za kidonda zikakatika.

"Mwite, Bibi. Nyuzi ziko imara."

Redio alifika uji haujapoa. Akasimama miguuni pa kitanda, akamkagua shemeji yake kama anayekagua kabati bovu.

"Shemeji, miaka yote unakata mbao za watu zinakuwa fupi. Leo umekatwa wewe. Utamu wake umeuona?"

Fundi akabana midomo. Mabega yakaanza kutikisika.

"Usinichekeshe, mshenzi wewe…"

"Daktari alikupima kwa futi yako au yake?"

Kicheko kikamponyoka, kikageuka kikohozi kizito kilichotoka chini kabisa. Binti akawahi kumkumbatisha mto kifuani. Fundi akakohoa tena, makohozi yakatoka. Kisha akatulia, akijipapasa mbavu kwa mashaka.

"Inavuta kidogo," akasema taratibu. "Lakini haiumi."

Bibi akageukia dirisha, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Basi, Redio, imetosha," akasema. "Mwache apumzike."

Redio akaelekea mlangoni. Fundi akavuta pumzi, safari hii ndefu, akaita:

"Shemeji! Kesho uje tena."