Kidevu cha Gari la Daktari Agness

Ifahamike tangu mwanzo kwamba Daktari Agness hakuomba kidevu. Aliomba bampa. Lile la zamani lilivunjwa na fahali wa watu, naye, kwa kuwa ni daktari wa mifugo, alimsamehe fahali kwa sababu za kitaaluma. Fundi Heche wa Sirari ndiye hajasamehewa hadi leo.

Heche alivuka mpaka hadi Isebania, akarudi na bampa jeusi lenye mdomo ulioning'inia kama kidevu cha mtu aliyesinzia ibadani. Agness alipouliza kama halitakwaruza chini, fundi alileta kipimo rasmi cha gereji yake, yaani chupa ya soda. Chupa ikipita chini ya bampa ikiwa imesimama, gari limeruhusiwa kwenda popote duniani. Chupa ikapita. Agness akasema sakafu ya saruji si barabara ya kijiji cha Nyambureti, tena gari lilikuwa tupu. Heche akamjibu kwamba alikuwa akifunga bampa wakati Agness bado anavaa sare ya shule ya msingi.

"Sawa," Agness akasema. "Kesho panda twende wote."

Heche akapanda. Kilo zake mia moja na ushee alizikalisha kiti cha mbele, na gari likainama kidogo, kama linalomwamkia mkubwa. Kiti cha nyuma kilikaa kisanduku cha chanjo ya homa ya mapafu. Ng'ombe wa kijiji jirani walikuwa wameshaanza kufa, na wafugaji wa Nyambureti walikubaliana kukusanya mifugo yao saa tano asubuhi. Barafu ya kisandukuni ingetosha mpaka saa sita. Joto likipita nyuzi nane, chanjo inageuka maji ya bure.

Kilomita chache kabla ya kufika, tuta la udongo lilikata barabara. Magurudumu yalikuwa bado hayajaligusa wakati kidevu kilipolima udongo, kikajikita, kikakataa mbele na nyuma. Kwa mujibu wa Heche, tatizo lilikuwa mwendo. Baadaye likawa udongo. Baadaye likawa wanawake na uendeshaji. Agness alishuka, akachungulia. Chini ya bampa lile isingepita hata sahani.

"Uliacha kupima kitu kimoja," akamwambia. "Wewe mwenyewe."

Akamwamuru alifungue bampa. Heche akakiri, kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, kwamba spana ameziacha Sirari, maana kuzibeba kungeonyesha hana imani na kazi yake. Basi Agness akatembea kwa hasira hadi boma la kwanza kuazima jembe, akarudi, akamkabidhi. Fundi akachimba. Jua likapanda. Ilipofika saa saba na nusu gari lilijinasua, na kidevu kikang'oka, kikabaki tutani.

Nyambureti ng'ombe karibu mia tatu walikuwa wamesimama juani, na wenye ng'ombe nao, hakuna aliyeondoka. Agness akafungua kisanduku mbele yao. Barafu ilikuwa maji. Kipimajoto kilisoma kumi na tatu. Akakisoma mara ya pili, kwani mtu huwa anatumaini, kisha akafunga kifuniko.

"Waeleze wewe," akamwambia Heche.

Heche akawaamkia wazee shikamoo, akajifuta jasho, na badala ya kuomba radhi akaanza kulishitaki tuta. Alitaka kujua ni mtu gani mwenye akili timamu anaweka kichuguu katikati ya barabara. Tuta lile walilijenga wanakijiji wenyewe kwa msaragambo, kila kaya mtu na jembe lake, ili maji ya mvua yasiendelee kuingia madarasani shuleni kwao. Mzee Selestine, aliyelisimamia, akamweleza kwa upole wa kutisha kwamba malori ya mahindi yanalipita kila siku, na hata bibi harusi alipitishwa juu yake na keki haikudondoka. Vijana wakacheka.

Agness alisubiri moyo wake ufurahi. Haukufurahi. Chanjo nyingine, akawatangazia, ingepatikana Alhamisi, siku tano mbele, na ng'ombe mia tatu walikuwa wameshinda wamebanana pumzi kwa pumzi, njia ile ile ambayo homa hiyo huenea.

Ndipo Agustina akasogea, mjane mwenye ng'ombe wanne, akimvuta mmoja kwa kamba. Ng'ombe alinyoosha shingo, akakohoa, akakohoa tena.

"Huyu alianza jana, daktari," akasema. "Nilijua leo unakuja. Na hao watatu, nao wangoje Alhamisi?"

Agness akamgeukia Heche, umati wote ukamgeukia, na fundi aliyekuwa na jibu la kila kitu akabaki anatazama viatu vyake.